San Andreas ikikukwamisha: malalamiko ya wachezaji wa Ndosho na dawa zake

"Mukubwa, fasi ya kupunguza ugumu iko wapi?"

Swali hilo nalisikia karibu kila juma katika sale ninayoisimamia huku Ndosho, Goma: chumba kimoja cha mbao, televisheni nne, PlayStation 2 nne, na benchi ambalo wanaosubiri huwa wengi kuliko wanaocheza. Anayeuliza ameshafungua menyu mara tatu. Amekuta sauti, mwanga, lugha, mpangilio wa maneti, yaani vidhibiti vya mkononi. Ugumu hakuukuta.

Haupo kweli. Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka mwaka 2004, haina mahali pa kuchagua rahisi au ngumu. The Witcher 3 ya 2015 ina viwango vinne, na unaweza kuvibadili hata katikati ya safari. Huku kwa CJ, mhusika unayemwendesha katika San Andreas, ugumu unapanda na kushuka vilevile, ila kinachoushusha ni zile kazi za pembeni ambazo vijana wanaziruka wakidhani ni za kupotezea muda: ambulansi, zimamoto, polisi, wizi wa usiku. Kila moja ukiikamilisha inambadilisha CJ mwenyewe, na badiliko hilo halimtoki. Ndiyo maana mtu akilia kwamba mchezo ni mgumu, siulizi amekwama misheni gani. Nauliza amemaliza kazi gani za pembeni. Jibu karibu siku zote ni kimya.

Nimeyapanga malalamiko kama yanavyonifikia, na naongelea toleo la PS2. Kazi zote za gari huanza namna moja: ukiwa ndani ya gari lenyewe, bonyeza R3, yaani kile kijiti cha kulia kwa ndani.

"Nakufa kabla sijamwona anayenipiga"

Hilo ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na lina sababu mbili zisizohusiana. Zitenganishe kwanza.

Tazama mstari mwekundu wa uhai, juu upande wa kulia. Ukiwa mfupi hata baada ya CJ kula akashiba, shida ni mwili wake, na dawa ni ambulansi. Kazi hiyo ina hatua 12. Hatua ya kwanza mgonjwa mmoja, ya pili wawili, hivyo hivyo mpaka kumi na wawili; jumla ni wagonjwa 78. Ukimaliza, mstari unarefuka mpaka mwisho wake.

Wengi wameijaribu wakaacha, na ukiwauliza waliijaribu wapi, watakwambia katikati ya Los Santos, mji wa kwanza wa mchezo. Huko magari yamejaa, na vijana wa Ballas, genge adui wa CJ, wanakufyatulia risasi ukiwa na mgonjwa ndani. Subiri. Baada ya misheni ya The Green Sabre, hadithi inakutupa Angel Pine, kijiji kidogo chini ya mlima Chiliad. Kila mtu anakimbia kutoka hapo kana kwamba kuna deni. Wewe baki. Kuna hospitali, barabara ni chache, na wagonjwa wanatokea karibu karibu. Mimi hapo ndipo nilipomaliza hatua zote, baada ya kushindwa mjini mara ambazo sitaki kuzihesabu.

Hata Angel Pine kuna makosa mawili yanayoua kazi. La kwanza ni kupindua gari. Ambulansi ni ndefu kwenda juu, na kona ya ghafla inailaza. Aliyewahi kushusha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, yenye magunia kutoka Kibumba hahitaji somo hapa: kusimama hupangwa kabla ya kona. La pili ni kumgonga mgonjwa mwenyewe kwa haraka ya kumchukua. Akifa, kazi imeisha. Simama hatua chache kabla yake, atakuja kwa miguu yake. Gari linabeba wagonjwa watatu kwa safari moja, kwa hiyo hatua ya 12 ni safari nne. Wachukue walio mbali kwanza wakati saa ingali na dakika. Wa jirani na hospitali wawe akiba.

Sasa sababu ya pili, ambayo sijaona mtu akiiandika, labda kwa kuwa ni ya kwetu. Hapa sauti ya televisheni tunaipunguza. Hakuna aliyetuamuru, ni kwamba mlio wa bunduki ukipenya mbao na kufika barabarani, mama anayeuza ndizi mlangoni anasimama na kuanza kukusanya bidhaa zake, na hana kosa. Katika mji huu hatuchezi na mlio huo. Lakini anayecheza bila sauti amepoteza sikio moja: hajui risasi zinatoka nyuma au kushoto. Basi fanya jicho lako lizoee ile ramani ndogo ya mviringo chini kushoto, litazame kama motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anavyotazama kioo, na uwashe maandishi ya chini, kwa sababu maelekezo mengi ya misheni hutamkwa mara moja tu. Anayeweza kuleta visikizi vyake na waya mrefu, alete.

"Nina uhai mrefu lakini bado risasi zinanimaliza"

Hapo ni fulana ya kuzuia risasi. Kazi ya polisi, ile ya kuwafukuza wahalifu ukiwa ndani ya gari la polisi, nayo ina hatua 12, na zawadi yake ni kwamba fulana inaweza kujaa mpaka 150 badala ya 100. Ni nyongeza ya nusu nzima. Kwenye misheni za mwisho utaisikia.

Shida yake ni kwamba hatua za juu ni kali ukiwa na gari la kawaida la polisi, kwa kuwa wahalifu huongezeka nao wanajibu risasi. Maoni yangu: usiimalize mapema. Fanya kazi nyingine, kisha urudi na kifaru cha jeshi. Mchezo unakubali kifaru kama gari la kazi hiyo, na kwa kifaru hata hupigi risasi, unawapanda tu. Kijana mmoja hapa aliifanya kwa gari la kawaida siku tatu mfululizo kwa kiburi. Alifika. Faranga alizolipa zingemtosha kununua diski.

"Nyota nne zimetokea na sikufanya kosa"

Umevuka daraja au mpaka wa eneo ambalo hadithi haijakufungulia. Rudi ulikotoka.

"CJ anachoka, wanamkamata"

Mwili wake unaweza kuujenga kwa kukimbia, kuendesha baiskeli na kwenda mazoezini, na hizo zote zinachukua muda. Njia ya mkato ni wizi wa usiku. Tafuta gari jeusi la mizigo aina ya Boxville, kati ya saa 20:00 na 06:00 za mchezo, bonyeza R3, ingia kwenye nyumba za watu, beba televisheni, redio na vitu vya namna hiyo, upeleke garini, kisha gereji kabla hakujapambazuka. Jumla ya ulivyoiba kwa siku zote ikifika dola 10,000, CJ anakimbia bila kuchoka tena.

Hapa nataka mzingatie hesabu ya saa, maana kwenye sale tunalipia muda. Saa moja ya mchezo ni dakika moja ya kweli. Usiku wote wa wizi, kutoka 20:00 mpaka 06:00, ni dakika 10 za kwetu. Siku nzima ni dakika 24. Kwa hiyo aliyelipa nusu saa anapata usiku mmoja kamili, pengine na kipande cha wa pili, ikiwa hakuanza saa 06:00 asubuhi. Ukikuta kumekucha, okoa mchezo nyumbani: saa za mchezo zinasogea mbele unapofanya hivyo, na usiku unakujia bila kuusubiri.

Kinachoharibu wizi ni kelele. Ndani ya nyumba kuna kipimo cha kelele kwenye skrini. Tembea ukiwa umeinama, polepole. Mwenye nyumba akiamka, toka.

"Bunduki haielekei ninapotaka"

Maneti ya sale zetu zimechoka, hilo nakubali, na kijiti cha kushoto kikilegea mwambie mwenye sale abadilishe kabla hujalaumu mchezo. Lakini mara nyingi ni ujuzi wa CJ. Kila aina ya bunduki ina kipimo chake, kinachopanda kwa kuitumia na kulenga kitu, hata gari tupu. Kipimo kikifika juu kabisa, CJ analenga mbali zaidi, na kwa bastola ya kawaida au bunduki ndogo za rasharasha anashika mbili kwa pamoja. Chagua bunduki moja uilee. Wanaobadilisha kila dakika wanabaki wanafunzi wa zote.

"Treni, mukubwa. Treni."

Ni misheni ya Wrong Side of the Tracks. Hakuna misheni iliyoniingizia faranga nyingi kuliko hii, na ingenipasa ninyamaze.

Unaendesha pikipiki aina ya Sanchez, Big Smoke, mwenzake CJ, amekaa nyuma na bunduki, na juu ya treni kuna vijana wanne wa Vagos, genge jingine adui. Kazi yako ni kumsogeza Smoke mahali pa kuwafikia. Wachezaji karibu wote wanafanya jambo ambalo akili inawaambia ni sahihi: wanajibana kwenye treni. Ukiibana treni, Smoke anapiga ubavu wa behewa. Walio juu hawaoni hata risasi moja. Sababu ni pembe, na Smoke halaumiwi.

Kwa hiyo jitenge. Pita upande wa kulia, uache nafasi ya kutosha kati yako na mabehewa, kisha ulingane na walipo Vagos, usiwe nyuma yao. Smoke akiona vichwa, anafanya kazi yake. Shika mwendo huo huo. Usicheze na breki kila mara. Na utazame mbele, kwa sababu reli ya pili ina treni yake inayokuja.

Ukishindwa mara tatu mfululizo, acha. Nasema kweli. Toka kwenye misheni, chukua pikipiki yoyote, zunguka nayo mjini muda fulani. CJ ana kipimo cha ujuzi wa pikipiki, na kikipanda haanguki ovyo kwenye kila tuta. Vijana wa Goma wanadhani kwa kuwa wanajua kukaa kwenye pikipiki ya kweli, basi CJ naye anajua. CJ alikuwa Liberty City miaka mitano, hakuwa motari.

"Kile kindege cha Zero kimeniua"

Achana nacho. Misheni za Zero, mwenye duka la vifaa vya kuchezea, hufunguka tu ukinunua duka lake kwa dola 30,000, na hadithi kuu haizihitaji kufika mwisho. Anayezihitaji ni yule anayetafuta asilimia 100. Nimeona watu wanaacha mchezo mzima kwa sababu ya kindege ambacho hakuna aliyewalazimisha kukirusha. Kama lazima ukirushe, jua kwamba mafuta ndiyo adui: usishikilie kitufe cha mwendo wakati wote.

Shule ya urubani ni kesi nyingine. Hiyo haikwepeki, lazima ufaulu ndipo hadithi iendelee. Asilimia 70 kwa kila jaribio inatosha, nawe usitafute dhahabu siku hiyo. Kosa la karibu kila mtu ni kukandamiza vitufe kama anapiga msumari. Gusa, achia, gusa, achia.

"Misheni haianzi"

Soma maandishi. Kwa Amphibious Assault, ile misheni anayokupa Woozie, mchezo unadai CJ awe na pumzi ya kutosha chini ya maji. Mzamishe, mwache karibu na mwisho wa pumzi, mpandishe, rudia. Kipimo kinapanda. Chaza 50 zilizofichwa chini ya maji nazo zinasaidia pumzi, ila kuzitafuta zote ni kazi ya mwenye PlayStation nyumbani.

"Madd Dogg anaruka kabla sijafika"

Huyu nataka nimweleze polepole, kwa sababu hapa tiba ni moja tu, na si kila mtu anayo. Kinga ni bora.

Dalili: unaanza misheni ya Madd Dogg, msanii wa rap, kule mji wa Las Venturas. Yeye yuko juu ya paa, amelewa, anataka kujirusha. Unatakiwa kuleta gari lenye maboksi na kuliweka chini yake. Lakini kwako anaruka sekunde ile ile misheni inapoanza. Unarudia, anaruka. Unazima mashine na kuwasha, anaruka.

Sababu: misimbo, yaani vitufe vya siri vya kudanganya mchezo (cheat). Wale vijana wenye daftari la misimbo, lenye vitufe vimeandikwa kwa kalamu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, wamebonyeza moja ya ile inayobadilisha tabia za wapita njia, wakacheka mjini unavyowaka, kisha wakaokoa mchezo. Baadhi ya mabadiliko hayo yanahifadhiwa pamoja na mchezo, na kuyazima baadaye hakuyafuti. Madd Dogg naye anahesabiwa kama watu wengine wa mji, basi tabia iliyoharibika inamfikia juu ya paa.

Dawa pekee ni kurudi kwenye hifadhi ya zamani, ya kabla ya msimbo. Kama hakuna, hadithi yako imeishia pale. Hivyo kanuni ya sale yangu: msimbo wa silaha au pesa, fanya utakavyo, msimbo wa kuwachafua watu wa mji, cheza nao kisha uzime mashine bila kuokoa. Wanaobisha huwa hawajafika Las Venturas bado.

"Umeme umekatika na kila kitu kimepotea"

PS2 haiokoi yenyewe. Unaokoa tu kwenye alama ya diski ndani ya nyumba yako, na kamwe katikati ya misheni. Toleo la simu lililotoka Desemba 2013 linajiokoa lenyewe, na lile lililotengenezwa upya mwaka 2021 linakuruhusu kurudia misheni uliyoshindwa bila kuendesha tena kutoka mwanzo. Wenye hayo hawajui tunachokiongelea.

Kwetu, tabia mbili zinatosha. Nunua nyumba karibu na anakotoa misheni mtu unayemfanyia kazi wakati huo. Hiyo ni pesa iliyotumika vizuri kuliko nguo. Na kadi ya kumbukumbu ina nafasi nane za mchezo huu, basi usiokoe juu ya ile ile kila siku. Zungusha mbili. Umeme ukikatika wakati wa kuandika, unapoteza moja, nyingine imebaki. Kwenye sale kuna hatari nyingine inayozidi umeme: mwenzako anayeokoa juu ya nafasi yako kwa bahati mbaya, au si kwa bahati mbaya. Anayeweza, aje na kadi yake mfukoni.

"Nilikuwa na maeneo yote, sasa sina hata moja"

Hukuibiwa. Ni mitaa ambayo genge la CJ linaishika, na The Green Sabre ndiyo inayoichukua, na unarudishiwa nafasi ya kupigania mitaa baada ya Home Coming, karibu na mwisho. Kwa hiyo yule aliyetumia juma zima kuiteka Los Santos yote mwanzoni alijifurahisha tu, ingawa mazoezi ya bunduki aliyapata.

Safari ya pili ndiyo yenye maana. Misheni ya mwisho, End of the Line, haitokei kwenye ramani mpaka uwe na asilimia 35 ya maeneo. Wanaokuja kwangu wakisema "hadithi imeisha bila mwisho" wote wako hapa. Fungua ukurasa wa takwimu uangalie asilimia yako.

Kuteka eneo, shuka garini, uingie kwenye mtaa wenye rangi ya zambarau au ya njano kwenye ramani, uwapige wachache wa kundi hilo mpaka vita vitangazwe. Yanakuja mawimbi matatu. Katikati yake mchezo unaweka uhai na fulana chini, karibu nawe; usizichukue ukiwa mzima, ziache kwa wimbi la tatu. Mtaa ukiwa hauna mtu, zunguka urudi saa nyingine. Anza na vipande vinavyopakana na Grove, mtaa wa nyumbani kwa CJ, na usiite wafuasi wengi. Wawili wanasaidia. Saba wanakuzibia mlango.

Kabla hujaingia End of the Line, pitia zimamoto kama bado. Hatua 12, maji na magari yanayowaka, haina raha yoyote, na kwa sehemu kubwa ya mchezo hutaona faida yake. Faida ni kwamba CJ haungui tena akiwa kwa miguu. Na ndani ya lile jengo la Big Smoke, ambaye mwishoni ni adui, ukishamaliza juu, ni lazima ushuke ngazi zote huku ghorofa zinawaka.